Moto wa Mama Chini ya Mahindi

Halafu Mama, siku ile sikukumalizia habari za meno yake. Nilikuwa nimesimama kaburini kwako, nimeshakueleza urefu wake na sauti yake, wifi Magreth akaniita kwamba chai inapoa, nikaondoka. Basi, ana mwanya hapa katikati, mdogo tu, na akicheka anauziba kwa ncha ya ulimi kama mtoto anayeficha peremende. Anaitwa Aidani. Ni mtu wa Masasi, fundi wa friji na feni hapa Dodoma, na huu ni mwezi wa tatu tangu awe mume wangu wa ndoa ya kanisani. Nikiandika maneno hayo, mume wangu, nasimamisha kalamu nayatazama.

Shikamoo, Mama. Furaha imenisahaulisha kukuamkia, na woga pia. Leo nina jambo la kukiri, lakini niache nianze na mazuri, maana wewe hukuwahi kupokea habari mbaya kabla hujajua watu wamekula nini.

Tunakula vizuri. Tumepanga vyumba viwili na jiko. Dodoma ni joto na vumbi, feni inazunguka kutwa kucha. Nilipokuja kufanya kazi kwenye hili duka la fotokopi nilidhani watu wa mjini wananichukia, kwa sababu hawanisalimii. Kumbe hata wao kwa wao hawasalimiani. Jirani yetu wa ukuta mmoja nilijua jina lake siku aliyofariki. Walifunga turubai, wakaleta viti vya kukodi, siku ya tatu gari likaja kuchukua viti, na siku ya nne mtu akaja kuulizia chumba. Nilisimama mlangoni nikamsikitikia. Halafu, Mama, nikawaonea wivu ndugu zake. Huku mtu akifa hakuna moto wa kuzima.

Aidani nilimpata kwa ajili ya feni. Ya dukani iliharibika, akaja kuitengeneza, kesho yake akarudi kuangalia kama inazunguka, keshokutwa akarudi tena. Siku ya nne mwenye duka akamwambia, "Wewe fundi, feni yangu nzima, sema unachotaka." Akajibu kwa sauti ndogo, "Nataka kujua huyu dada anatoka kazini saa ngapi." Jioni hiyo nilishika simu nikupigie. Nilitafuta jina lako mpaka nikalipata, ndipo nikakumbuka.

Mara ya mwisho tulipoongea uliuliza huku tunapikia nini. Nikakwambia gesi. Ukasema, "Sasa jioni mnakaa mkizunguka nini?" Nilicheka sana. Siku hizi swali hilo halinichekeshi.

Utaratibu wa kwetu unaujua kuliko mimi, lakini nauandika ili nione kwa macho yangu nilipokosea. Mwenye nyumba akifa, moto wake unazimwa siku anayozikwa. Anayeuzima ni mtoto wa mwisho. Anamwaga maji, anang'oa mafiga, anatoa majivu nje. Nyumba inalala baridi, na asubuhi moto mpya unaletwa kutoka kwa jirani.

Mtoto wa mwisho ni mimi. Nilifika kutoka Dodoma jeneza limeshafungwa. Watu walipotawanyika nikaingia peke yangu ndani ya tembe yetu, ile nusu nyumba nusu shimo, ambayo mbuzi walikuwa wanapanda juu ya paa kula majani na wewe unawagombeza kutoka chini, "Shukeni, hapa si porini, hapa kuna watu." Nikachuchumaa mbele ya mafiga. Nikakusanya makaa katikati, nikayafunika kwa majivu nikianzia pembeni, nikakandamiza juu kwa kiganja. Mikono ilifanya yenyewe. Ndivyo ulivyonifundisha kila jioni tangu niko darasa la pili: "Usiubane sana, uache upumue." Ndiyo, Mama. Badala ya kuuzima moto wako niliufukia, uamke kesho.

Nilikumbuka nikiwa kwenye basi, tumeshapita Kondoa. Nikajisemea utazimika wenyewe.

Baada ya miezi miwili kaka Daniel aliibomoa tembe. Usimkasirikie. Amejenga kando ya barabara, bati jekundu, madirisha ya vioo, na siku hizi Dongobesh nzima wanajenga hivyo. Paa la udongo lilidondoka ndani ya shimo, akasawazisha, akapitisha plau ya ng'ombe, akapanda mahindi. Ukipita barabarani huwezi kujua kama pale paliwahi kulala watu.

Asubuhi ya harusi yangu nilitoa gauni kwenye mfuko wake wa plastiki. Jipya kabisa, Mama, jeupe, mabega yana lesi. Lilikuwa linanuka moshi. Moshi wenyewe ule, wa kuni mbichi na kibuyu cha maziwa. Mabinti walionipamba wakaanza kulaumiana nani amechoma kitu. Mimi niliweka uso ndani ya kitambaa nikalia kwa furaha. Nilijua umekuja. Ulikuwa umeniambia, "Moto wangu siuachi mpaka nimwone atakayekuoa." Nilitembea kanisani nikinuka jikoni kwako, na sijawahi kujiona mzuri kama siku ile.

Mchana tukiwa kwenye picha, Daniel, ambaye alikuwa amekuja kunisindikiza, akapigiwa simu na Magreth kutoka nyumbani. Akanivuta pembeni. "Yale mahindi ya pale kwa Mama yanatoa moshi," akasema. "Tangu alfajiri. Wewe siku ile ulizima?"

Nikasema nilizima.

Mwezi uliopita tulikuja kukuona. Barabara siku hizi, Mama, usingeamini. Dodoma mpaka Babati ni lami, nililala begani kwa Aidani nikaamka tumefika. Pale tukapanda gari la abiria, Noah, tukapita Dareda, na tulipoanza kupanda milima masikio yakaziba, ukungu ukashuka, Aidani akatoa shati la pili kwenye begi akalivaa juu ya la kwanza. Shangazi alipomwona alisema, "Huyu mkwe kaja bila koti. Kwani Masasi mnajifunika majani ya mikorosho?" Aidani akamjibu, "Shikamoo Shangazi, nimekuja kufunikwa na ninyi." Shangazi ameshampenda.

Dongobesh ina taa. Pale ulipokuwa unapanga vitunguu saumu siku ya mnada kuna duka la simu na kijana anachomelea mageti. Watoto lakini hawajabadilika, wanasimama pembeni ya njia wanasema shikamoo, mume wangu ana miaka ishirini na tisa akaona haya kuitika.

Mama Agnesi, jirani yako wa ng'ambo ya korongo, alinieleza lake huku akipukuchua mahindi, bila kunitazama. Asubuhi moja alikuta moto wake umekufa. Akatazama upande wako, akaona moshi, akachukua kigae akavuka korongo kuomba makaa kama alivyofanya miaka yote. Alikuwa katikati ya mahindi, ameshapiga hodi, ndipo akakumbuka kuwa nyumba haipo.

"Ukakimbia kwa kukumbuka hivyo?" nikamuuliza.

"Nilikimbia kwa sababu nilikuwa nimeshaitikiwa," akasema. "Alisema nipite tu, mlango uko wazi."

Kesho yake asubuhi Daniel alinipa ndoo ya maji. "Mimi nimeshamwaga kumi, moto unanidharau," alisema. "Wewe ndiye wa mwisho. Nenda." Wifi Magreth alikuwa amesimama mbali, mjamzito wa miezi saba, amejishika tumbo. Hapiti tena shambani. Anazunguka barabarani hata akienda kuchota maji. Baada ya mavuno fundi anakuja kuchimba msingi wa vyumba vya kupangisha, na amekataa kugusa kitu mpaka pale papoe.

Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa hatua tano humwoni. Majani ya mahindi yote yalikuwa yanadondosha umande. Isipokuwa pale. Pale yalikuwa makavu, na ukavu ulikuwa umekatwa kwa mistari, Mama. Niliiona nyumba yetu nzima. Upande wa ndama, upande wa kulala, kona uliyokuwa unaweka mtungi. Nikaingia kwa kupitia mlangoni. Sikuweza kujilazimisha kupita penye ukuta.

Penye mafiga moshi ulikuwa unatoka kwenye ufa mdogo, mwembamba kama uzi. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja. Udongo ulikuwa na joto la mgongo wa mtu aliyelala. Nikasema, "Mama, nimeolewa." Moshi ukakatika. Nilisubiri. Halafu ukatoka tena, mzito kuliko mwanzo, ukanizunguka usoni, na sikukohoa.

Sasa nakiri. Sikumwaga yale maji penye moto. Niliyamwaga pembeni, kwenye tuta, polepole yasitoe sauti, na kwa ule ukungu hakuna aliyeniona. Nikatoka na ndoo tupu nikasema tayari. Aidani alinishika mkono, akasema mikono yangu ina moto, akaibusu mbele ya kaka yangu bila haya.

Kwa nini nilifanya hivyo? Mama, nina furaha nyingi mno na sina wa kumwambia. Wenzangu wakigombana na waume zao wanapiga simu kwao, wakipatana wanapiga tena. Mimi nilikuwa na ule ufa kwenye udongo. Nikasema, acha awepo. Atamdhuru nani?

Tulirudi Dodoma. Wiki ya kwanza mashati ya Aidani yalianza kunuka moshi, hata niliyotoka kuyaanua. Wiki ya pili akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha asubuhi, kile cha wanawake waliopikia kuni maisha yao yote. Tulienda hospitali, kifua chake kisafi. Daktari akamuuliza kama kwetu tunapikia kuni ndani. Aidani akacheka, akaziba mwanya wake, akasema, "Daktari, jiko letu halina hata njiti ya kiberiti." Daniel naye alipiga simu akasema moshi umerudi. Nikamwambia labda ni ukungu.

Juzi asubuhi niliamka nikakosa mtu ubavuni. Nikamkuta jikoni. Alikuwa amechuchumaa sakafuni mbele ya jiko la gesi, limezimwa, amenyoosha viganja kama mtu anayeota moto. Nilipomwita aligeuka polepole. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka machozi ya moshi. Akasema amesikia baridi, amekuja kukaa kidogo.

Hii ni Dodoma, Mama. Feni ilikuwa inazunguka.

Nilikaa chini karibu naye nikamweleza yote. Majivu, basi, gauni, ndoo. Nilidhani ataniona mshirikina, au mwongo, ambayo ni mbaya zaidi. Alikohoa mpaka akamaliza, kisha akasema, "Kwetu Masasi mkwe hakatai anapoitwa. Twende wote. Mimi nitabeba ndoo ya pili." Ndiye huyo mwanaume niliyempata. Ungenichagulia mwenyewe usingepata mwingine.

Ndiyo maana sasa nakuomba kama binti anavyomwomba mama yake. Ulisema unangoja kumwona. Umemwona. Umemkalisha karibu yako akaota moto wako, umejua ana adabu na hana koti. Mkwe anakaribishwa, Mama, lakini huwa anaruhusiwa kurudi kwake. Nirudishie. Nina mwaka mmoja tu wa kukukosa, na yeye nataka kuwa naye miaka mingi, nizae naye, tuzeeke, nimwone akipoteza hata hayo meno.

Sitakudanganya kwamba haitaniuma. Nikishang'oa yale mafiga sitakuwa na mahali pa kuweka kiganja nikakusikia. Nitabaki na kaburi, ambalo ni baridi kama makaburi yote. Nalijua hilo, nimelifikiria siku mbili nzima, na bado nakuja.

Daniel nimempigia leo, nimemwambia ukweli. Akasema, "Vero, wewe ni wa kuchapwa." Kisha akasema atatuchotea maji mapema, na Mama Agnesi ataleta makaa mapya jikoni kwa Magreth asubuhi itakayofuata, kama inavyotakiwa.

Kwaheri, Mama yangu. Safari hii nitamwaga maji yote, penyewe, mbele ya watu, na mume wangu atasimama kando yangu. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha, fundi hajaanza kuchimba. Ukitusikia tunakuja kupitia mahindini, usiinuke kutupokea. Endelea kulala.

Binti yako wa mwisho,
Vero