Walinzi wa Ukungu

Ngomeni, mwezi wa pili, tarehe 4

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nyundo imenijaza malengelenge.

Majitu bado yako bondeni, lakini hofu imepungua. Mfalme amefunga mkataba na Watu wa Ukungu, na askari wao wamefika. Waliingia langoni wakiwa na kofia za chuma zinazofunika uso wote, hata salamu hawaitikii. Wanasimama ukutani kutwa kucha, na majitu yakiwaona yanarudi nyuma. Aliyenuna ni mpishi tu, maana hakuna anayegusa chakula chake. Mimi ndiye ninayewatengenezea ngao.

Mwanao

Nyumbani, mwezi wa pili, tarehe 19

Marahaba, mwanangu. Mgongo ndio huo huo, tumezoeana.

Mtaa mzima unashangilia. Mimi furaha hainiingii tangu mdogo wako Kasuku aanguke vitani kule kivukoni, nikakosa hata mwili wa kuzika. Nyumba hii ilizoea domo lake, lile lililompa jina hilo la utani. Nikuulize: hao wasiokula wanalipwa nini? Mgeni asiyetaka chakula chako, anataka kingine.

Mama yako

Ngomeni, mwezi wa tatu, tarehe 2

Mama, shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Askari mmoja aliletwa karakana, kofia imebonyea. Nilipoivua, nikamwona Kasuku. Ni yeye, Mama, na lile jino lake lililokatika. Alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta.

Nilimkimbilia kapteni. Akasema, "Mfalme aliwapa Watu wa Ukungu maiti zetu, wao wakazisimamisha. Ulitaka nani atulinde?"

"Watapumzika lini?"

"Mtu wa nyumbani kwake akimwita jina lake la kuzaliwa, analala moja kwa moja. Lakini ukimwita wako, kila mtu atamwita wake, na ukuta utabaki mtupu. Funga mdomo, fundi."

Nifanye nini?

Mwanao

Nyumbani, mwezi wa tatu, tarehe 15

Mwanangu, sikuulizi hali, naijua.

Usimwite. Nimelia mpaka sauti imekauka, na jibu ni hilo hilo. Yeye amekwisha kufa, wewe uko hai chini ya ukuta huo. Mwache asimame. Dhambi hiyo niandikiwe mimi, wewe huna lako.

Mama yako

Ngomeni, mwezi wa tatu, tarehe 27

Mama, shikamoo, na unisamehe. Barua yako imenikuta nimeshamwita.

Mvua ilikuwa inamnyeshea, maji yanamwingia machoni, naye hapepesi. Nikashindwa. Nikapanda ukutani mchana kweupe, nikamwita jina lake la kuzaliwa. Akageuka. Akasema, "Dada, nimechoka," kisha akajilaza taratibu, kama vile alivyokuwa akisinzia mapajani mwako.

Mpishi akamwita mumewe. Wengine wakafuata. Kapteni alitutukana, akatishia kutufunga, mwishowe akavua kofia yake na kumwita mwanawe. Tumewazika wote, Mama. Kasuku nimemzika kwa mikono yangu.

Sasa ukutani tuko sisi, wapishi na wahunzi. Majitu yameanza kupanda. Usinililie mapema.

Mwanao

Nyumbani, mwezi wa nne, tarehe 20

Mwanangu, hujambo? Hii ni barua ya tatu, huzijibu.

Sikukasirika. Ulinitoa mwiba ambao nisingethubutu kuutoa mwenyewe. Ningependa tu uniambie ulimzika upande gani.

Tarishi wa mfalme amepita akitangaza kwamba ngome haikuanguka. Nikamuuliza kama amemwona fundi, mwanamke mrefu mwenye malengelenge mikononi. Akasema mkataba umefungwa upya na ukuta una walinzi wengi kuliko zamani. "Nyuso zao umeziona?" Akapiga farasi mjeledi, akaondoka.

Kwa hiyo nakuja. Jirani ananiambia na mgongo huu sitafika. Nimemwambia mgongo ni wangu. Barua hii naibeba mwenyewe. Nitasimama chini ya ukuta niite jina nililokupa ulipozaliwa, lile nisilodiriki kuliandika hapa. Kama u mzima, itika upesi, hata kwa matusi. Ukijilaza, nitapanda nikulaze vizuri.

Mama yako