Maji ya Osiri kwa Wageni wa Homa Bay

Ijumaa, 2 Agosti 1996

Barua imefika! Wataalamu wa vipimo vya mwanga wanakutana Homa Bay wiki ijayo. Watachagua mambo matatu tu ya kufanyiwa utafiti kwa miaka mitatu — mashine gani zitengenezwe, zipime nini, zikae wapi. Mfanyakazi yeyote wa ofisi za maji anaruhusiwa kuleta pendekezo. Yeyote!

Bwana Elkanah, bosi wangu, ana lake tayari: mashine ya kumulika dhahabu ijulikane ni safi kiasi gani. Wanunuzi wa hapa Suna watafurahi. Nikamwambia sisi ni ofisi ya maji, si duka la sonara. Akasema kazi yangu maabarani ni kuosha chupa.

Sawa. Nimeosha chupa. Kisha nimejaza fomu: mashine ndogo ya kupima zebaki kwenye maji, ikae Osiri, kijiji cha wachimba dhahabu, isomwe na wanawake wa huko wenyewe. Nimepiga muhuri na kupeleka posta kwa miguu yangu. Bwana Elkanah akitaka aninyonge.

Jumapili, 4 Agosti

Osiri. Nyangi, mdogo wangu, amenipa chai. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani mkononi mwake muda wote. Ana miaka ishirini na sita! Kila siku anakoroga zebaki kwa mikono ndani ya karai ili ishike dhahabu, halafu anaichoma kwenye jiko lile lile la ugali. Maji ya karai yanarudi kijitoni, na hapo hapo ndipo mtoto wake anaoga. Zahanati walimwambia ana presha, apunguze chumvi.

Chumvi! Ni zebaki hii, na nataka namba za kuthibitisha. Bila namba atatetemeka hivyo hivyo mpaka ashindwe kumbeba mtoto, na watu watasema ni presha.

Nimemwachia mama Mirumbe chupa sita tupu azijaze kijitoni. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama wachimbaji, na amealikwa mkutanoni kama mwananchi. Nikamwambia maji haya ni ya wageni wa Homa Bay, yatapimwa mbele ya watu. Akasema nisiwe na wasiwasi, hawatanitia aibu.

Jumanne, 6 Agosti

Homa Bay. Ukumbi una joto la tanuri. Mwenyekiti ni Dkt. Metrine kutoka Nairobi, mwembamba, hapotezi neno. Kuchagua ni kwa mtindo wa siku hizi: mapendekezo yameandikwa kwenye kadi, kadi zimepangwa sakafuni, kila mtu ana punje kumi za mahindi. Unaweka punje pale unapoona pana uzito. Wanaume wazima na suti zao wamechuchumaa kama wanacheza bao!

Punje zimehesabiwa. Magugu ya ziwa, ya kwanza. Osiri — ya pili! Ya pili! Mbung'o wa bonde la Lambwe, tatu. Dhahabu ya Bwana Elkanah, nne. Hakula chakula cha jioni na sisi.

Kesho majaribio. Wana mashine moja kubwa ya mfano, wamekuja nayo kwenye Land Rover. Inapitisha mwanga kwenye mvuke wa maji. Zebaki ikiwemo inaumeza ule mwanga na mshale unapanda. Basi. Hata Nyangi angeisoma.

Jumatano, 7 Agosti

Mshale haukupanda.

Chupa zote sita. Ulitikisika kidogo tu, ukalala. Maji yenyewe meupe, yanang'aa. Mtu mmoja nyuma akauliza kama Osiri wanauza haya maji dukani. Walicheka. Bwana Elkanah alicheka mpaka akavua miwani.

Dkt. Metrine alisema kwa upole kwamba utafiti haufuati huruma. Akaigeuza kadi yangu uso chini. Mbung'o wakapanda, na dhahabu ikawa ya tatu.

Wakati wa chakula cha mchana mama Mirumbe akanifuata, uso umejaa furaha. Eti nimeyaona maji? Nimeona vile walijitahidi?

"Tulichuja na leso mara mbili, tukaacha ikae usiku mzima. Ile ya juu ndiyo tuliweka kwa chupa. Sasa mgeni utampea maji ya matope aje, Gesare? Si watasema hatukulelewa?"

Nilitaka kupiga kelele. Zebaki inashikana na matope! Waliitupa yote na mashapo! Lakini nimkasirikie nani? Mimi ndiye niliyesema ni maji ya wageni. Mimi, niliyechapwa na mama kwa kumpa mjomba maji yenye unyasi mmoja. Ningekuwa kule kijitoni ningechuja mara tatu.

Nimejikasirikia. Lakini kadi imegeuzwa tu. Haijachanwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikuomba ruhusa. Saa nne nilikuwa Osiri.

Nyangi alinishika chupa. Hapana, dada, usiwapelekee hiyo. Watasema tunaishi na nguruwe. Tukagombana mbele ya watu, yeye analia, mimi nalia. Nikamwambia aibu si yetu. Nikaingia kijitoni na sketi yangu ya kanisani, nikajaza tano.

Ya sita akainyakua. Akatibua chini kwa mguu, akajaza mwenyewe. Mikono ikitetemeka, nusu ikamwagika, akarudia. "Haya. Waone."

Ijumaa, 9 Agosti

Naandika hapa hapa ukumbini, daftari magotini.

Nilisimama kabla ya sala ya kufungua kwisha. Dkt. Metrine akasema orodha imeshachapwa. Nikasema ichapwe upya. Nikaeleza leso, nikaeleza matope, nikasema kosa ni langu. Bwana Elkanah akaninong'oneza nikae chini, la sivyo Jumatatu niko Lambwe nahesabu mbung'o. Nikamjibu kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba mbung'o wa Lambwe nao wana haki ya kuhesabiwa vizuri.

Fundi wa mashine akasema ameshaifunga kwenye sanduku. Mwenyekiti akatazama saa. Nilijua tunamalizwa na ratiba.

Hapo mama Mirumbe akainuka. Akachukua sinia la glasi za mkutano, akafungua chupa ya Nyangi, akamimina. Maji rangi ya kakao. Akapita meza kuu, anapiga goti kidogo kwa kila mmoja, anaweka glasi kwa mikono miwili.

"Karibuni maji. Leo hatujachuja. Ndiyo ile sisi hukunywa."

Fundi ameacha kufunga kamba za sanduku. Bwana Elkanah anaitazama glasi yake kana kwamba itamuuma. Dkt. Metrine ameinua yake, ameielekeza dirishani. Mwanga haupiti. Anaigeuza, anaangalia tena.

Nimeomba mama Mirumbe aje aketi. Amekataa kwa kichwa. Amesimama na sinia tupu mbele ya meza kuu. Kwetu glasi ya mgeni haiondolewi mpaka anywe, au aseme kwa nini hanywi.