Mzee Aliyekata Waya

Kibaha

Baba, shikamoo.

Nakuandikia mchana huu nikiwa ofisini, nimekosa nguvu hata ya kwenda kula. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Tukuyu? Mama ameniambia siku hizi unalala ukiwa umeketi. Tafadhali nenda ukapimwe, usimsubiri kaka. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka. Kwenye simu huwa nasema niko salama, kisha nakata. Ndiyo maana leo naandika.

Unajua mimi ndiye polisi kata huku njia ya Gwata, na niko peke yangu. Asubuhi mbuzi wameingia kwenye mihogo ya mtu, mchana wanandoa wamefungiana mlango, jioni vijana wanawatukana wanawake wanaotoka kisimani. Wote nawaambia nitakuja. Nimelisema neno hilo mpaka mwenyewe silisikii tena.

Kuna mkulima mmoja, Mzee Kondo. Mkewe, Bi Zaituni, alipata kiharusi, akalazwa hospitali ya Tumbi, akarudi nyumbani akiwa hawezi kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, tunamwita Mama Semeni, ana grosari ya kuuza pombe, na muziki wake unaanza saa nane mchana. Vyombo vinatikisika kabatini kwa mzee. Mzee alikuja kwangu mara tano kulalamika. Mara mbili nilikwenda, muziki ukapunguzwa, nilipogeuza pikipiki ukapandishwa. Mara tatu sikwenda kabisa.

Wiki iliyopita alichukua panga, akaingia grosari, akakata waya wa spika. Wateja wakampiga. Mama Semeni akanipigia simu, nami nikafika ndani ya robo saa. Nilimkuta mzee amekaa chini, mdomo umechanika, damu kwenye kanzu. Aliniangalia bila hasira.

"Afande, nilikuja kwako mara tano kwa miguu," alisema. "Leo waya umekuita mara moja tu."

Mama Semeni alitaka nimfunge mzee pingu. Nikamwambia nitaandika maelezo yake, lakini kwanza aingie nyumbani kwa mzee kumwona mgonjwa, maana tangu Bi Zaituni arudi hakuwahi kumjulia hali. Aligoma, kisha akaingia. Bi Zaituni alipomwona akajitahidi kunyanyua ule mkono mzima, akasema kwa tabu, "Karibu, jirani." Mama Semeni akakaa ukingoni mwa kitanda, akajifunika uso kwa mtandio.

Siku ile ile aliachana na mashtaka, na spika akaiondoa. Wale waliompiga mzee niliwapeleka kituoni.

Ningependa habari iishie hapo. Lakini Ijumaa binti wa Mzee Kondo alikuja na gari la kukodi kutoka Kibuta, kule Kisarawe, kuwachukua wazazi wake. Nilisaidia kubeba godoro. Nikamsihi mzee wabaki, kwa kuwa sasa kumetulia. Alisema hana kinyongo na mtu, ila amechoka kuomba.

Nyumba yao imefungwa. Watu wananisimamisha njiani kunishukuru kwa utulivu, na juzi mwenyekiti wa kijiji alinisifu mkutanoni. Nilipigiwa makofi, baba, nami nikatazama chini.

Nisalimie mama, mwambie vitenge vyake nimevipata. Msalimie kaka na shemeji, na shangazi aliyenifunga nywele siku naondoka kwenda chuo cha polisi. Watoto wa kaka wabusu wote.

Jambo moja nakuomba unijibu kwa mkono wako. Wewe ulikuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi. Uliwahi kumchelewea mtu namna hii? Na kesho yake, mwingine alipobisha hodi, ulimtazamaje usoni?

Ni mimi mwanao,
Atupele