Dani Alipokubali Kupigwa Picha

Kaloleni, Kisumu, Jumapili jioni, Mei 1974

Mvua imenyesha tangu alasiri na bado haijachoka. Viatu vyangu vimejaa matope ya Bondo. Sina hamu ya kuvisafisha.

Jana nililala kwa Dani, nyanya yangu mzaa mama. Nyuma ya boma lake kuna kipande cha msitu ambacho hakuna aliyewahi kukilima, na mvua zikishika, maua ya mwitu huchipuka humo kila mahali. Kazini kwangu studio napiga watu picha za sura siku nzima, "kaa wima, inua kidevu." Msituni hakuna wa kuambiwa akae wima.

Leo asubuhi nilipata lile ua jekundu ambalo petali zake hupinda juu kama ndimi za moto. Ndani yake alijificha buibui wa manjano, mdogo kama punje ya mahindi, amemkumbatia nyuki aliyemzidi ukubwa. Nililala kifudifudi kwenye majani mabichi, nikazuia pumzi, nikapiga, nikapiga tena, mpaka filamu ikaisha. Nikaitoa kwenye kamera, nikaitia mfukoni. Nilirudi bomani nikiimba.

Dani alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani.

Huyu Dani hajawahi kupigwa picha. Maisha yake yote akiona kamera hujifunika uso kwa leso.

"Leo nipige," akasema. "Mama yako alikufa bila picha. Siku hizi nautafuta uso wake akilini, pua siioni. Wewe sitaki unitafute hivyo."

Ningesema tu filamu imeisha. Lakini alivyojinyoosha pale, mikono ameibana kiunoni kama msichana wa shule, sikutaka kumvunja moyo. Nikainua kamera tupu, nikabonyeza. Ikalia kama kawaida. Akacheka, akamwita jirani kumwambia kwamba naye sasa ana picha.

Nilimdanganya.

Nikaaga, nikaenda stendi na viazi alivyonifungia. Basi likaja, watu wakapanda, mimi mguu haukuinuka. Mvua ikaanza. Nikarudi nayo.

Nilimkuta ameshabadilisha nguo. Nikamwambia yote nikiwa mlangoni, maji yananitiririka. Akawa anakunja lile gauni, analikunjua, analikunja tena.

"Nilijua kuna kitu," akasema mwishowe. "Nilikuona asubuhi kule msituni. Kwa buibui ulilala chini kama mtu anayesali. Mimi ulinipiga ukitazama pembeni."

 

Nikamwomba nirudi Jumamosi na filamu mpya. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinipa gunia la kujifunika, akaniambia, "Nenda, nyathina, basi la mwisho litakuacha." Bado ananiita mtoto wake. Hilo ndilo lililoniliza njia nzima hadi Kisumu.

Filamu ya maua iko hapa mezani. Pengine ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na siwezi kuigusa.

Jumamosi nitakwenda, mvua iwepo isiwepo. Akikubali, nitampiga. Akikataa, nitaketi naye tu, nimwangalie vizuri.

Labda hapo ndipo nilipopaswa kuanzia.