Kwa Nini Tunaiosha Pudini

Mpendwa Nyambura,

Huku Ruring'u tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na shangazi yako bado analalamikia baridi kana kwamba sisi ndio tunaileta.

Umeniuliza mbona huko Uingereza wanaimwagia pudini ya Krismasi pombe na kuiwasha moto, na sisi tunaimwagia maji kabla ya kuikata.

Nikiwa msichana nilikuwa mpishi kwa mzungu mmoja huko Endarasha. Siku ya Krismasi pudini ilichemka ndani ya kitambaa tangu asubuhi. Wageni walipomaliza nyama, memsahibu, bibi mwenye nyumba, alizima taa ya mezani, akaja jikoni na chupa ya brandi na kiberiti, akaniambia, "Osha pudini!" Alitaka kusema "washa." Mimi nikaifungua, nikaipeleka kwenye mfereji wa jikoni, nikaiosha vizuri pande zote. Nikaiweka mbele ya wageni ikichuruzika maji.

Alijaribu kuiwasha, ikakataa. Nilijua nimefutwa kazi. Lakini aliwaambia wageni kwamba pudini ya Endarasha huliwa hivyo, wakaila ikaisha. Kesho yake nikaingia jikoni kama kawaida.

Krismasi iliyofuata akaja tena mlangoni: "Osha pudini!" Wakati huo mpishi wa jirani alikuwa ameshanieleza lile kosa la kwanza. Nikamtazama mikononi. Hakubeba chupa wala kiberiti.

Nikaiosha.

Wasalimie hao wanaowasha.

Nyanya yako, Shosho