Bwana wa Ziwani

Baraka, Jumatatu

Yaya wangu mpendwa Divine,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani, wewe dada yangu mkubwa, na shemeji Raphaël na watoto. Natumaini mihogo ya Kazimia imekauka vizuri na lile goti lako limeacha kukusumbua. Mama na Baba wazima, na Baba bado anagombana na redio. Mimi ni mzima kwa sehemu, na hiyo sehemu nyingine ndiyo ninayokuandikia.

Ujumbe wako umenifika. Umesema niende nikapige magoti mbele ya Mama Darius, nimwombe msamaha kwa aibu ya siku ile, ndoa yangu na mwanawe isivunjike. Yaya, nakuheshimu, lakini kwanza nisikilize.

Siku wazazi wa Darius walipokuja kujitambulisha, nilitoka na beseni la maji kuwanawisha, nikapiga magoti kama tulivyofunzwa. Damu ilikuwa imeanza asubuhi. Unayajua maumivu yangu: yanaanzia chini ya kitovu, yanaingia mgongoni, yanashuka mapajani, na mtu hajui ashike wapi. Nilipofika kwa baba mdogo wa Darius, mikono iliniacha. Maji yote yaliishia kwenye viatu vyake vyeupe vyenye ncha. Alivihurumia viatu kuliko mimi niliyelala pale chini nimeuma kitenge. Aliyeniinua ni Mama peke yake.

Basi wenye akili wakaanza kutugawia akili. Munganga wa kituo cha afya aliniandikia paracetamol macho yakiwa kwenye simu yake, akasema nikizaa itaisha. Nizae na nani, na viatu vimeshalowa? Mama Darius alisema kwanza kwamba nina mimba. Alipoambiwa habari ya damu, akasema basi ni pepo, akanipeleka kwa Mama Rosette, yule mwenye chumba cha maombi karibu na soko. Nilikwenda, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado nataka kuolewa.

Mama Rosette alifumba macho kidogo tu, akatangaza: “Huyu binti iko na bwana mu ziwa.” Akaniamuru nifunge chakula mpaka nimtaje jina. Yaya, nimezaliwa kando ya ziwa hili. Mume gani huyo asiyeleta nyumbani hata samaki mdogo wa ndagala? Nililala kwenye mkeka wake tumbo tupu, naumia, na wanawake wazima wananipigia kelele kichwani wakimfukuza mwanamume ambaye hakuna aliyemwona. Mama Darius alipiga kelele kuliko wote. Naye Darius alifika mlangoni, akanitazama ninavyojikunja, akauliza kama arudi baadaye. Mtu mzima, ana ndevu.

Maumivu yalipita kama yanavyopita kila mwezi, nao wakajipongeza kwamba bwana ameshindwa. Mwezi uliofuata yalirudi, na mwalimu mwenzangu Immaculée akanikokota hadi hospitali, kwa daktari mwanamke aliyetoka Bukavu. Huyo aliniuliza nisiyowahi kuulizwa, hata kama naumia nikienda choo. Alinipima, akaniambia ugonjwa wangu una jina: endometriosis. Nyama kama ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake, na kila mwezi nayo inavuja damu isiyo na pa kutokea. Alisema hauletwi na pepo, kuzaa hakuuponyi, na dawa ya kuumaliza haijapatikana, lakini unaweza kutulizwa. Akanipa vidonge vya kupanga uzazi, nivimeze kila siku bila kupumzika.

Jumapili iliyofuata, Mama Rosette aliniita mbele ya kanisa nitoe ushuhuda kwamba yeye ndiye aliyeniponya. Nikautoa. Nilisema damu, nikasema kizazi, nikasema vidonge, mbele ya wazee wote. Mzee mmoja alijifanya anatafuta mstari kwenye Biblia, akiwa ameishika juu chini. Mama Rosette akaanzisha pambio nikiwa katikati ya neno. Jioni Darius alinitumia ujumbe kwa simu kwamba kwao hawaoi msichana anayemeza vidonge vya kupanga kabla hata ya kuwa na bwana. Nilimjibu sawa. Nililia kidogo, sikufichi, ila zaidi nilijililia mimi niliyekuwa tayari kumpikia mtu huyo maisha yangu yote.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu, nalo libaki kwako.

Juzi Mama Darius alikuja kwa mlango wa nyuma na fungu la majani ya sombe. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Kabla sijampa kiti alijikalisha sakafuni, akakunja magoti mpaka kifuani. Nilimtambua hapo hapo, Yaya. Ndivyo ninavyokaa mimi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama yule munganga mwanamke angali hapa.

Anaumia tangu usichana. Amezaa watoto sita, na haikuisha. Hata yeye, zamani, aliambiwa ana bwana ziwani, akaamini mpaka leo. Aliponiona nimeanguka na beseni, alijua ni bwana yule yule, amenifuata na mimi. “Mi niliona umenikuta kwa bwana yangu,” alisema. Kumbe alikuwa akinipigia kelele kwa wivu, kama mke mwenza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha hasira ikanipanda, kwa sababu alijua kabisa ninachosikia pale mkekani, na bado alinyoosha kidole. Namdharau, sijaacha. Lakini nilimpa chupa yangu ya maji ya moto aiweke tumboni, na asubuhi tukaenda hospitali pamoja, mimi mbele, yeye nyuma amejifunika kichwa.

Kwa hiyo magoti sipigi.

Nisalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Msalimie zaidi binti yako Tania, najua umri wake umefika. Akianza kujikunja sakafuni, usimwambie neno lolote tuliloambiwa sisi. Mpandishe boti uje naye.

Mdogo wako akupendaye,
Émilienne