Kuku wa Mama Mkwe

Kutoka Mpika

Mpendwa Dada Musonda,

Salamu nyingi. Shemeji hajambo? Na watoto? Bwalya, mke wangu, anakusalimu sana. Mimi sasa natembea hadi kisimani, ndiyo maana naweza kushika kalamu.

Wajua muuguzi wa zahanati yetu ni mmoja tu, mama mkwe. Nami nilikuwa sijaingizwa nyumbani kwake kimila, na kabla mkwe hajalishwa kuku wa kuingizwa ni mwiko kukutana na mama mkwe, sembuse kula naye. Nikimwona njiani nilikuwa najitosa vichakani. Nilipolazwa, akaja na beseni aniogeshe. Nikajifunika shuka, nikasema heri nife. Akanigeuzia kisogo, akaniambia, "Baba, utakufa siku yako. Leo unaoga."

Wewe ulizoea kumcheka kwa kung'ang'ania mila. Lakini hakunilazimisha. Aliwaita shangazi zake, akapika ugali wetu wa nshima na kuku mzima, wakaniingiza nyumbani palepale wodini kwa nyimbo, wagonjwa wakipiga vigelegele. Nilimeza tonge moja tu, nikalia. Ndipo akavaa glavu akaniogesha, asiniulize nilikopita wala na nani.

Dada, nilikudanganya kuwa ni kifua. Nina virusi vya UKIMWI. Yeye ndiye aliyenipima. Nikamsihi asimwambie Bwalya, mwanawe wa kumzaa. Akasema siri ya mgonjwa haitatoka kinywani mwake hata ikimchoma, ila mume anayemficha mkewe jambo kama hili hajaingia nyumbani kwake, hata ale kuku mia. Bwalya akileta uji, mama yake alimpokea kwa utani, kisha akaingia stoo kulia. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nikashindwa kuendelea kunyamaza.

Nikamwambia Bwalya mwenyewe. Akapimwa, hana, namshukuru Mungu. Alimfokea mama yake, "Yaani ulijua ukaniacha?" Mama akamjibu kuwa mle wodini yeye ni muuguzi wangu kwanza, na kama angekuwa mtu wa kutoa siri, mimi nisingekuja kutibiwa, nao wawili wangenizika. Bwalya alinuna siku mbili. Sasa kila jioni ananisimamia nikimeza dawa, mikono kiunoni kama askari.

Jumapili mama mkwe alipika kuku mwingine, safari hii nyumbani kwake. Nikangoja atoke ili nile. Hakutoka. Alinawa, akaketi kando yangu, akamega tonge kutoka sahani yangu.

Wabusu watoto. Ukija, mletee kitenge kizuri, nawe umwamkie kwa magoti.

Ndugu yako mzima,
Mwansa